Faji Bandani: Virusi Viuavyo Bakteria na Mapambano dhidi ya Usugu wa Dawa katika Ufugaji wa Kuku

Utangulizi

Mfugaji anapotia dawa ya unga katika maji ya kuku wake, na daktari anapomwandikia dawa mtoto mwenye homa kali, mara nyingi wote wawili huchota katika kisima kimoja. Tetrasaiklini, salfa, makrolaidi na flurokwinoloni ni makundi ya antibiotiki yanayotumika wodini na bandani pia. Kisima hicho hakijazwi kwa kasi kinavyochotwa: antibiotiki mpya ni chache, ilhali bakteria wanaozishinda zile za zamani wanaongezeka.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya moja kwa moja ya maambukizi ya bakteria sugu, na kwamba usugu huo ulihusika katika vifo vipatavyo milioni 4.95. Eneo lililobeba mzigo mkubwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake ni Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa hiyo swali la namna ya kumtibu kuku bila kuchosha dawa za binadamu ni swali la hospitali kama lilivyo la shamba. Mojawapo ya majibu yanayochunguzwa ni bakteriofaji, au kwa kifupi faji: virusi ambavyo chakula chake ni bakteria. Makala haya yanaeleza faji ni nini, zinavyofanya kazi, majaribio kwa kuku yameonyesha nini, mipaka yake iko wapi, na mhudumu wa afya na mgonjwa wana nafasi gani katika jambo hili.

Dawa ya bandani na dawa ya wodini

Usugu hutokea pale bakteria wachache wenye uwezo wa kuhimili dawa wanaponusurika huku wenzao wakifa. Walionusurika huzaliana na kulijaza eneo lililoachwa wazi. Dawa inapotumika kwa dozi pungufu, kwa muda usiotosha, au kwa kuku wasioumwa ili tu wakue haraka, nafasi hiyo hupanuka. Zaidi ya hayo, bakteria wengi hubeba vinasaba vya usugu katika vipande vya DNA viitwavyo plasmidi, ambavyo huweza kupitishwa kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa jamii tofauti. Hivyo bakteria asiyemdhuru mtu anaweza kumrithisha silaha yule anayemdhuru.

Mifano ya kihistoria inaonyesha uhusiano huu waziwazi. Enrofloksasini, dawa ya mifugo iliyo maarufu kwa wafugaji wa kuku, ni ndugu wa karibu wa siprofloksasini ya binadamu. Hata mwilini mwa kuku sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini yenyewe. Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliondoa kibali cha kuitumia kwa kuku, baada ya kuonekana kuwa inachochea usugu wa Campylobacter, bakteria anayewaharisha watu. Mwaka huohuo, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, vituo vya kutotolesha vifaranga viliacha kwa hiari kutumia seftiofuri, dawa ya kundi moja na seftriaksoni. Muda si mrefu, usugu wa dawa hiyo katika Salmonella Heidelberg ulipungua sana kwenye nyama ya kuku na kwa wagonjwa pia. Dawa iliporejeshwa kwa sehemu, usugu nao ulianza kupanda tena.

Somo la Quebec lina pande mbili. La kwanza ni kuwa kinachofanyika bandani hufika wodini. La pili, lenye matumaini, ni kuwa madhara hayo yanaweza kurudi nyuma endapo matumizi yatapunguzwa. Hata hivyo, mfugaji hawezi kuambiwa aache dawa huku kuku wake wanakufa, asipewe kitu kingine cha kushika. Hapo ndipo faji zinapoingia.

Bakteriofaji ni nini?

Faji ni virusi vinavyoshambulia bakteria peke yao. Haziwezi kuingia katika chembe za mwili wa kuku wala za mtu, kwa kuwa hazina ufunguo wa milango ya chembe hizo. Ni ndogo mno: faji iitwayo T4, ambayo imechunguzwa kwa miaka mingi, ina urefu wa takriban nanomita 200, ilhali bakteria anayeliwa nayo ni mkubwa mara kadhaa. Umbo lake ni kama kichwa chenye pembe nyingi kilichobeba vinasaba, mkia unaofanya kazi ya bomba la sindano, na nyuzi mfano wa miguu za kumshikia bakteria.

Faji zipo kila mahali penye bakteria: kwenye udongo, maji ya mto, maji taka, kinyesi cha wanyama na utumbo wa binadamu. Wataalamu wengi wanazihesabu kuwa ndizo zenye idadi kubwa kuliko kitu kingine chochote chenye vinasaba duniani. Kwa maana hiyo, kila kuku huishi na faji tangu siku zake za mwanzo. Tiba ya faji hukusanya zile zinazomuua bakteria fulani, huzisafisha na kuzirudisha kwa wingi mahali zinapohitajika.

Historia iliyoanzia kwa kuku

Mwingereza Frederick Twort alieleza mwaka 1915 juu ya kitu kisichoonekana kilichokuwa kikiyeyusha bakteria maabarani. Miaka miwili baadaye, Félix d'Hérelle wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliona jambo hilohilo katika kinyesi cha wagonjwa wa kuhara damu, akalipa jina la bakteriofaji, yaani kilacho bakteria.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba d'Hérelle hakuanza kuijaribu tiba hii kwa binadamu. Mwaka 1919, taifodi ya kuku ilipokuwa ikiangamiza makundi ya kuku katika vijiji vya Ufaransa, alitenga faji kutoka katika vinyesi vya kuku hao na kuzitumia kuwakinga wengine. Katika mwaka huohuo, tiba hiyo ilitolewa kwa watoto waliougua kuhara damu katika hospitali moja ya Paris. Kuku, basi, ndiye aliyetangulia.

Mwaka 1923 mwanasayansi George Eliava alianzisha mjini Tbilisi, Georgia, taasisi ambayo hadi leo huandaa faji za kutibu watu. Lakini katika nchi nyingi, baada ya penisilini kuenea katika miaka ya 1940, faji ziliwekwa kando. Antibiotiki zilikuwa rahisi kuhifadhi na ziliua aina nyingi za bakteria kwa mkupuo, hata pale daktari asipojua kwa hakika anapambana na nani. Usugu ndio ulioyarudisha macho ya wanasayansi kwa virusi hivi vilivyosahaulika.

Namna faji inavyoua bakteria

Kazi ya faji inaweza kugawanywa katika hatua nne. Kwanza, faji hukutana na bakteria na kujishikiza kwenye sehemu maalumu ya ngozi yake. Pili, huingiza vinasaba vyake ndani na kuliacha ganda nje. Tatu, vinasaba hivyo huteka mitambo ya bakteria na kuilazimisha itengeneze faji mpya badala ya kumhudumia mwenyewe. Nne, vimeng'enya vya faji hutoboa ukuta wa bakteria. Bakteria hupasuka, na faji mpya humwagika zikatafute wengine. Kwa T4 mzunguko huu huchukua takriban nusu saa, na bakteria mmoja huweza kutoa faji zaidi ya 100.

Tabia hii inaitofautisha faji na dawa zote za kawaida. Dozi ya antibiotiki hupungua mwilini kadiri saa zinavyopita; dozi ya faji huongezeka maadamu bakteria walengwa wapo, na hupungua yenyewe wanapokwisha.

Si faji zote zifaazo kwa tiba. Zipo faji pole, ambazo huingiza vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya bakteria na kukaa kimya kwa vizazi vingi. Hizi ni za hatari, kwa kuwa zinaweza kumpa bakteria uwezo mpya wa kudhuru. Sumu ya kipindupindu yenyewe hutokana na vinasaba vilivyobebwa na faji ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo, maabara hukubali faji kali tu, zile zinazoua bila kutulia ndani ya bakteria, na huzisoma vinasaba vyake vyote ili kuhakikisha hazibebi sumu wala usugu.

Magonjwa ya kuku yanayolengwa

Ugonjwa wa kwanza ni kolibasilosi, unaosababishwa na aina kali za Escherichia coli. Hushambulia mifuko ya hewa, moyo, ini na kitovu cha vifaranga, na mara nyingi huja nyuma ya ugonjwa mwingine au kufuatia vumbi na hewa nzito ya banda lisilosafishwa. Baadhi ya aina hizi zinafanana kivinasaba na zile zinazosababisha maambukizi ya njia ya mkojo kwa binadamu.

La pili ni kundi la Salmonella. Salmonella Gallinarum huleta taifodi ya kuku na huua wengi, lakini kwa kawaida haimwambukizi mtu. Kinyume chake, Salmonella Enteritidis na Typhimurium huweza kukaa tumboni mwa kuku anayeonekana mzima kabisa, zikafika kwa mtu kupitia mayai au nyama isiyoiva. Kwa watoto wa Afrika wenye utapiamlo, malaria au maambukizi ya VVU, Salmonella zisizo za homa ya matumbo huweza kuingia katika damu na kuua. Kuku si chanzo pekee cha maambukizi hayo, kwani yapo yanayopita kutoka mtu hadi mtu. Ila kila njia inayofungwa hupunguza mzigo.

La tatu ni Campylobacter, ambayo mara nyingi huishi kwa amani utumboni mwa kuku lakini humletea mtu kuhara na maumivu makali ya tumbo. La nne ni Clostridium perfringens, anayeozesha utumbo wa kuku wa nyama.

Ni lazima isemwe pia kile ambacho faji hazitibu. Mdondo, uitwao pia kideri, pamoja na Gumboro na ndui ya kuku, husababishwa na virusi. Kuhara damu kwa koksidia husababishwa na vimelea vya aina nyingine kabisa. Faji haziwezi kuyagusa magonjwa hayo, kama vile antibiotiki zisivyoweza kuviua virusi. Antibiotiki nyingi hupotea bandani kwa sababu kuku wa mdondo hutibiwa kana kwamba ana ugonjwa wa bakteria.

Majaribio yameonyesha nini?

Ushahidi uliopo unatia moyo, lakini una masharti. Nchini Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 2005 lilionyesha kuwa faji zilipunguza Campylobacter utumboni mwa kuku wa nyama. Kiasi cha upungufu kilitofautiana sana kulingana na aina ya faji, aina ya bakteria na dozi. Jaribio jingine la nchi hiyohiyo, la mwaka 2007, lilihusu aina tatu za Salmonella. Ndani ya saa 24, Salmonella Enteritidis ilipungua zaidi ya mara 10,000, na Typhimurium zaidi ya mara 100. Kwa aina ya tatu, iitwayo Hadar, faji iliyochaguliwa haikuleta faida ya maana.

Nchini Marekani, watafiti wa Arkansas walijaribu faji dhidi ya kolibasilosi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Faji zilizoingizwa katika mifuko ya hewa pamoja na bakteria ziliwakinga kuku. Sindano ya msulini nayo ilipunguza vifo. Lakini faji zilizotiwa katika maji ya kunywa hazikuwakinga kuku na maambukizi ya mfumo wa hewa. Watafiti hao pia waliona kuwa faji na enrofloksasini zikitumiwa pamoja zilifanya kazi vizuri kuliko kila moja peke yake.

Matokeo haya yanafundisha kwamba hakuna faji ya magonjwa yote. Faji hufaulu inapomlenga bakteria sahihi, kwa wingi wa kutosha, na kwa njia inayoifikisha mahali bakteria alipo.

Namna ya kumpa kuku faji

Kwa ugonjwa wa utumbo, faji huweza kutiwa katika maji au chakula. Kikwazo cha kwanza ni tindikali ya tumbo na firigisi, inayoharibu faji nyingi kabla hazijafika utumboni. Watafiti huzitanguliza au kuzichanganya na kitu kinachopunguza tindikali, ama huzifunika kwa utando maalumu. Kikwazo cha pili ni maji yenyewe: klorini inayosafisha maji huua faji pia, sawa na joto kali na mwanga wa jua. Kwa nchi za joto, uhifadhi ni suala la msingi.

Kwa ugonjwa wa mfumo wa hewa au wa damu, njia zilizojaribiwa ni mnyunyizo na sindano. Sindano hufanya kazi vizuri zaidi, lakini ni nani atakayemchoma kuku mmoja mmoja katika banda la kuku 2,000? Katika ufugaji mkubwa, nafasi iliyo karibu zaidi na uhalisia ni kuzuia ugonjwa katika kituo cha kutotolesha, kupunguza Salmonella siku chache kabla ya kuchinja, au kusafisha mabanda na vyombo. Faji pia hutumika baada ya kuchinja: mwaka 2006 Marekani iliruhusu mchanganyiko wa faji kunyunyizwa juu ya nyama na kuku walio tayari kuliwa ili kuua Listeria.

Je, bakteria hawawezi kuwa sugu kwa faji?

Wanaweza, na huwa sugu. Bakteria na faji wamekuwa wakipigana tangu zamani za kale, na kila upande una hila zake. Bakteria hubadilisha sehemu ambayo faji hujishikiza, au huzikatakata vinasaba vya mvamizi. Ndiyo maana tiba huandaliwa kwa mchanganyiko wa faji kadhaa zinazoingia kwa milango tofauti: bakteria akifunga mmoja, mwingine hubaki wazi.

Lakini usugu dhidi ya faji mara nyingi huwa na gharama kwa bakteria. Katika miaka ya 1980, Williams Smith na Huggins, wakifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kuku cha Houghton nchini Uingereza, walitumia faji zinazojishikiza kwenye utando wa K1, ambao ni ngao ya E. coli dhidi ya kinga ya mwili. Bakteria waliojikinga na faji walifanya hivyo kwa kuivua ngao hiyo, na hivyo wakawa dhaifu mbele ya mwili wa mnyama. Katika hali nyingine, bakteria akibadilika ili kuikwepa faji hurudi kuwa mwepesi kuuawa na antibiotiki. Wanasayansi hutafuta kwa makusudi faji za namna hii, zinazomweka bakteria katika njia panda ambapo kila upande una hasara.

Usalama na udhibiti

Kwa kuwa faji hazishambulii chembe za wanyama, na kwa kuwa binadamu hula na kunywa faji kila siku bila kujua, hatari yake ya moja kwa moja inaonekana kuwa ndogo. Aidha, kwa kuwa kila faji hulenga aina chache za bakteria, wale wenye manufaa utumboni huachwa salama. Tahadhari zipo lakini. Bakteria wanaopasuka huacha mabaki yenye sumu, hivyo dawa ya faji isiyosafishwa vizuri inaweza kudhuru, hasa ikidungwa. Mwili huweza pia kutengeneza kinga dhidi ya faji na kupunguza nguvu yake katika dozi zinazofuata.

Udhibiti nao una ugumu wake. Sheria za dawa zilitungwa kwa kemikali isiyobadilika, ilhali mchanganyiko wa faji huhitaji kurekebishwa kadiri bakteria wa eneo wanavyobadilika. Mfugaji au mgonjwa akikutana na chupa inayodaiwa kuwa na faji ilhali haina usajili wa mamlaka ya dawa, aiache. Faji isiyochunguzwa huenda ikawa faji pole, au isiwe faji kabisa.

Afrika Mashariki imefika wapi?

Kanda hii haijakaa kando. Katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo jijini Nairobi, watafiti wamekuwa wakitenga faji zinazoua Salmonella kutoka katika mazingira ya ufugaji wa kuku nchini Kenya, kwa lengo la kuandaa mchanganyiko unaoweza kupunguza matumizi ya antibiotiki. Nchini Uganda, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Makerere walichapisha mwaka 2020 utafiti kuhusu faji dhidi ya E. coli waliotolewa kwa kuku wenye kolibasilosi.

Kazi hii ina sababu ya kufanyika hapahapa. Faji iliyochaguliwa kwa bakteria wa Ulaya si lazima imtambue bakteria wa Kibaha au Kiambu. Malighafi nayo iko karibu: vinyesi, mifereji na maji taka ya machinjio. Kinachohitajika ni maabara, wataalamu, na benki za faji na bakteria zinazohuishwa mara kwa mara.

Wajibu wa mhudumu wa afya, mfugaji na mgonjwa

Faji zina sharti moja ambalo antibiotiki zilituzoesha kulisahau: ni lazima ugonjwa ujulikane kwanza. Antibiotiki yenye wigo mpana humruhusu mtu kupiga gizani na wakati mwingine kulenga. Faji hairuhusu hilo. Kwa hiyo, nchi itakayotaka kunufaika nayo kesho inapaswa kujenga leo mazoea ya kupima kabla ya kutibu. Mazoea hayo yanazilinda pia antibiotiki zilizopo sasa.

Kwa mhudumu wa afya: mgonjwa mwenye homa isiyopona au kuhara kwa muda mrefu aulizwe kama anafuga, anachinja au anauza kuku, na kama bandani kumetumika dawa. Panapowezekana, sampuli ya damu, kinyesi au mkojo ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki na ipelekwe kuoteshwa maabara. Kuhara kwingi kwa watoto hakuhitaji antibiotiki bali chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini na zinki. Damu katika kinyesi, homa kali au kudhoofika ni dalili za kumtazama mtoto kwa makini zaidi.

Kwa mfugaji: chanjo ya mdondo itolewe kwa ratiba, banda liwe kavu na lenye hewa, na kuku waliokufa wapelekwe kwa daktari wa mifugo wapasuliwe kabla ya kununua dawa. Dawa ikitumika, dozi ikamilishwe, na mayai na nyama visiuzwe wala kuliwa hadi muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko uishe. Antibiotiki zisitumiwe kukuza kuku wazima. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo mwaka 2017.

Kwa mgonjwa na familia: dawa ya kuku isinywewe na mtu, na dawa ya mtu isitiwe katika maji ya kuku. Nyama na mayai viive hadi ndani, ubao na kisu vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kabla ya kukatia kachumbari, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika kuku au kinyesi chake.

Hitimisho

Faji hazikuja kuziondoa antibiotiki. Ni silaha ya pili, yenye shabaha kali na masharti mengi, iliyoanza kwa kuku wa Ufaransa mwaka 1919 na ambayo sasa inaitwa tena kazini kwa sababu silaha ya kwanza imetumika ovyo. Majaribio yanaonyesha kuwa inaweza kupunguza bakteria wa kuku kwa kiasi kikubwa pale inapochaguliwa vizuri, na kwamba hushindwa pale inapokisiwa.

Hadi dawa za faji zilizosajiliwa zitakapofika katika maduka ya dawa za mifugo, ulinzi wa kweli unabaki katika chanjo, usafi, vipimo na nidhamu ya dawa. Na zitakapofika, zitahitaji mambo hayohayo manne ili zifanye kazi.